Kidole cha Baba na Vali ya Trekta

Tangu baba apigwe na kiharusi, sisi watoto wake tulijifanya wasaidizi. Vifungo vya shati tulimfungia, kikombe cha chai tulimshikia. Hakulalamika. Lakini niliposikia anauza trekta yake, niliiacha karakana ninamotengeneza mashine za shamba, nikaenda kwake Karen Jumatatu asubuhi. Mnunuzi alikuwa anakuja mchana.

Kuwakatia majirani nyasi za ng'ombe kwa trekta hiyo ndiyo kazi pekee aliyokuwa amebaki nayo.

"Nikibonyeza, kikatio haipandi," aliniambia. "Na si mashine, mama. Ni hii kidole." Huniita mama kwa kuwa nina jina la mama yake. "Jumapili inapumzika, Jumatatu inakataa kazi. Ikifika Alhamisi imezoea."

Udaktari siujui, lakini kidole kinachofuata kalenda kilinitia shaka.

Kikatio huinuliwa na mafuta, na njia ya mafuta hufunguliwa na vali ya umeme. Vali ina koili mbili za waya, ya kuinua na ya kushusha, kila moja na plagi na kitufe chake. Ukibonyeza kitufe, koili yake inageuka sumaku. Kuipima si kazi: unaigusisha bisibisi, na ikinasa, umeme umefika.

Ningeweza kupanda nikabonyeza mwenyewe, mambo yakaisha. Sikutaka. Tulikuwa tumemnyang'anya vya kutosha.

"Panda, Baba," nikamwambia.

Akabonyeza cha kushusha, bisibisi ikanasa. Akabonyeza cha kuinua, kimya. Nikachomoa plagi ya kushusha nikaichomeka kwenye koili ya kuinua, akabonyeza cha kushusha tena, na koili ile ile iliyokuwa imelala ikavuta. Basi koili ilikuwa nzima. Ubovu ulikuwa kwenye plagi ya kuinua, waya, kitufe, au kidole.

"Si nilikuambia," akasema, akitazama kando. Nilimhurumia hadi nikakasirika, sijui nilimkasirikia nani.

Nikaifungua plagi ya kuinua. Ilikuwa na maji ndani, na shaba yake imeota kutu ya kijani.

"Baba, trekta unaiosha lini?"

"Jumamosi jioni. Watu wa kanisa wanapita hapa Jumapili. Waone ikiwa chafu?"

"Unaiosha na nini?"

"Na ile mashine ya presha. Inatoa matope yote."

Matope na zaidi. Maji yaliyosukumwa ndani Jumamosi yalikuwa yakichukua siku kadhaa kukauka. Nikaisugua kutu kwa msasa, nikapaka grisi, nikarudisha kila plagi mahali pake. Akawasha injini, akabonyeza.

Kikatio kikapanda. Akakishusha, akakipandisha, akakishusha tena. Nilingoja azime injini, hakuzima. Alikuwa ameinua mkono wake wa kulia, anaukagua mbele na nyuma. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na yangu pia.

Honi ikalia getini.

"Mwambie huyo mtu arudi tu," baba akasema, akiurudisha mkono kwenye kitufe. "Mwambie niko kazi."