Get Up ya Mzee Nyamweya

"Babu, ni kweli Kiingereza kilikushinda?"

Gesare alikuwa darasa la nne alipomuuliza hivyo Mzee Nyamweya, wakichuma chai. Kwao mjukuu ana ruhusa ya kumtania babu, na babu humwita mjukuu wake "bibi yangu." Siku hiyo utani haukurudi. Mzee alihamia mstari mwingine wa chai, kisha mwingine, kama anayefukuzwa na siafu.

Ndivyo alivyokuwa, hatulii. Uji aliunywa akitembea. Akitumwa chumvi Masimba, alirudi jioni na habari za Keroka, chumvi kasahau. Ujana wake ulipotelea kwenye mashamba ya chai ya Kericho, ambako alfajiri nyapara aligonga milango ya kambi kwa rungu akifoka, "Get up! Get up!" Kiingereza alichotoka nacho huko ni hicho tu, na alikichukia kama kupe.

Hata hivyo, masomo ya Kiingereza ya watu wazima yalipoanza kanisani mwaka wa 1968, kabla ya swali hilo la Gesare, yeye ndiye aliyetangulia kufika. Mwalimu Obwocha, kijana wa Suneka aliyetoka chuoni juzi, alieleza kwamba get up si kuamshwa kwa kelele tu. Ukiinuka kitini, ume-get up. Ukiupanda mlima, hivyo hivyo. Hata upepo ukianza kuvuma, nao ume-get up.

"Hata upepo?" Mzee alishangaa. "Na nyapara wake ni nani?"

Darasa zima likaangua kicheko. Tangu hapo Mzee hakulala vizuri kwa hamu ya Jumapili. Aliwa-get up ng'ombe, akam-get up jogoo.

Mong'ina, mke wa mwanawe na mama yake Gesare, alisoma hapo pia, akikaa benchi la nyuma, mbali naye, kama heshima inavyotaka. Alitafuta kazi ya kusaidia wodini. Hospitali ilitaka mtu wa kuelewa daktari akisema kwa Kiingereza mgonjwa alale au ainuke, na Obwocha ndiye angepeleka majina.

Jumapili moja Obwocha akatandika mkeka mbele ya darasa.

"Lie down, halafu get up. Kila mtu. Asiyefanya, jina lake haliendi hospitali."

Loice, mmoja wa wanafunzi, alitangulia, akalala na kukoroma kwa makusudi. Watu wakacheka. Ikafika zamu ya Mong'ina. Alifika mkekani akasimama. Mkaza mwana hajilazi mbele ya baba mkwe, wala sababu haitaji mbele yake, maana kuitaja nako ni aibu.

"Lie down, Mong'ina."

Mong'ina akarudi nyuma hatua moja.

"Umesahau?"

"Sijasahau, mwalimu."

"Basi unangoja mto?"

Hakuna aliyecheka. Waliojua walitazama sakafu. Obwocha, asiyejua nani ni mkwe wa nani, alikuwa akikasirika.

"Nalifuta jina, mama."

Miguu ya Mzee ilikuwa imeshaanza kucheza chini ya benchi. Walikuwa wameahidiwa kuanza kusoma gazeti Jumapili iliyofuata. Alilitaka gazeti hilo! Alimwona Mong'ina akishika ncha ya leso, akiikunja, akiikunjua. Akainuka kwa kishindo.

"Kiingereza gani hiki, watu wazima kugaagaa mchana! Ng'ombe wangu hawajanywa maji. Kimenishinda, mwalimu. Kichwa kimejaa!"

Akatwaa kofia, akatoka bila kuutazama mkeka. Alikuwa ameufikia mgomba wa kwanza aliposikia sauti ya Mong'ina kutoka dirishani, kubwa, haina kigugumizi: "I am getting up!"

Mong'ina alipata kazi. Mzee hakurudi darasani, kwa kuwa mkeka ulitandikwa kila Jumapili. Kijiji kikacheka: Nyamweya kashindwa na neno moja. Akawaacha wacheke, akazidisha mwendo tu.

Gesare alikuwa kidato cha tatu, wakichuma chai tena wakati wa likizo, babu alipoanza mwenyewe.

"Bibi yangu, lile swali lako."

"Lipi, babu?"

"La Kiingereza kunishinda." Alitupa majani kikapuni, macho yakiwa kwenye mstari wa mbele. "Mama yako alikuwa amesimama peke yake mbele za watu. Ningeendeleaje kukaa?"