Kumpigia Simu Mtu Asiyenijua

Mashine yetu ya kukoboa mpunga ilikuwa Kibaoni, hatua chache kutoka barabarani, na kazi haikutusumbua. Wakulima walileta mpunga, tulikoboa, wakachukua mchele wao, sisi tukabaki na ujira wetu na pumba. Aliyetaka zaidi ni mimi. Kila msimu wa mavuno wafanyabiashara walikuja na malori kutoka Dar es Salaam, wakanunua mchele mlangoni kwetu kwa bei wanayoitaka wao, kisha wakaupeleka kwenye mahoteli. Niliwatazama wakipakia na kujiuliza: hao wenye hoteli wana nini hata tusiweze kuwauzia sisi wenyewe?

Mume wangu alikuwa fundi kwenye kiwanda cha sukari, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Nilipomweleza, alisema wazo ni zuri, ila nizungumze na mdogo wake.

Huyo mdogo wake, shemeji yangu, alikuwa karani wa serikali mpaka wimbi la kupunguza wafanyakazi la miaka ya tisini lilipomfikia. Alirudi Ifakara na taipureta yake ndani ya sanduku la mbao, akaiweka juu ya meza kwenye chumba cha mbele cha mashine, na kile chumba tangu siku hiyo kikaitwa ofisi. Alikuwa mtu mwema na makini. Kwake yeye jambo ambalo halijaandikwa lilikuwa bado halijatokea.

"Shemeji, watu wakubwa hawavamiwi," aliniambia. "Wanaandikiwa."

Basi akaandika. Alichukua anwani za mahoteli kwenye kitabu cha simu cha posta, akapiga barua moja moja, kumbukumbu namba juu kushoto, "Yah" imepigiwa mstari, aya zimenyooka kama matuta. Zilikuwa barua nzuri, nasema kweli. Mimi mwenyewe ningenunua mchele kwa sababu ya barua zile. Tukazituma, tukasubiri. Nilifungua sanduku letu la posta kila nilipopita mjini, nikakutana na ubaridi wa bati. Mvua zikaisha, mpunga ukaanza kuingia kutoka Malinyi, na jibu tulilopata lilikuwa moja tu: wanatushukuru kwa barua yetu na wameihifadhi kwenye faili.

Shemeji alifurahi. "Umeona? Wametujibu."

"Wametujibu hapana, shemeji."

"Si hapana. Ni faili."

Siku ileile nilimwambia kwamba nakwenda kupiga simu. Aliacha kuchapa. "Utamwambia nini mtu asiyekujua?"

"Nitaanza kwa kumsalimia."

Kupiga simu Dar wakati ule ilikuwa safari. Unakwenda posta, unampa opareta namba, unakaa kwenye benchi na wenzako wanaosubiri, mpaka uitwe uingie kwenye kibanda. Mara ya kwanza niliomba kuongea na bosi wa hoteli. Katibu wake akaniambia bosi yuko kwenye kikao. Nilipopiga tena siku nyingine, bosi alikuwa bado kwenye kikao kilekile. Nikajifunza. Bosi hali mchele wa hoteli yake. Yupo mtu anayeununua na mtu anayeupika, na hao ndio wenye shida. Niliporudi posta nilijaribu hoteli nyingine, na safari hii nilisema, "Naomba kuongea na mtu wa stoo, anayenunua chakula."

Ikapita kelele ya sahani, kisha sauti ya mwanaume mwenye haraka.

"Nani?"

"Shikamoo."

Akasita kidogo. "Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi nina mashine ya mpunga hapa Ifakara. Hunijui, na mimi sikujui. Nina mchele."

"Mama, mchele ninao."

Hapo ndipo barua ingekuwa imeshawekwa kwenye faili. Lakini nilikuwa na mdomo. "Unao wa wapi?"

"Wa Kilombero."

"Nani kakwambia ni wa Kilombero?"

"Aliyeniuzia." Akacheka, na nilipomsikia anacheka nikajua hatakata.

"Mimi nakupigia kutoka Kilombero kwenyewe. Huo wako ukipikwa unanukia?"

Simu ikapiga mluzi kwa muda. Nilidhani imekatika. Kisha akasema, taratibu zaidi, "Gunia la kwanza lilinukia. Siku hizi nadhani wanachanganya. Na mawe, mama! Juzi mgeni ameniita mezani mbele ya watu, ameyapanga mawe kwenye ukingo wa sahani."

"Pole sana. Sasa mimi sikuombi uniamini. Nakuletea mchele, upikwe jikoni kwako, uonje. Usipoupenda, narudi nao."

"Unakuja lini?"

"Na treni ya Ijumaa," nikasema, na simu ikakatika. Sikujua kama alisikia Ijumaa au la.

Nilipotoka kwenye kibanda, opareta, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, alikuwa ananitazama bila hata kujificha. Alikuwa amesikia yote. "Mama, utakwenda kweli?"

"Nimeshasema."

Nilichagua supa, ule mchele wetu unaonukia, safi kabisa. Wanawake wawili waliokuwa wakinisaidia kupeta waliupitisha kwenye ungo na kuurudia, tukatoa chenga na kila kijiwe. Wakati tunapeta, taipureta ilikuwa inalia ofisini. Shemeji akatoka na karatasi. Ilikuwa barua ya utambulisho, ina muhuri wa mashine yetu aliochongesha mjini, ikieleza mimi ni nani na nakwenda kufanya nini. Sikuona kazi yake. Nimeshaongea na mtu kwa mdomo wangu, karatasi ya nini? Niliichukua kwa kumridhisha, nikaikunja na kuitia kwenye pochi.

Jumamosi nilikuwa kwenye geti la hoteli, gunia langu limeshushwa miguuni, vumbi la safari limenijaa. Mlinzi alinitazama, akalitazama gunia.

"Unamtaka nani?"

Ndipo nikagundua kwamba sikuwahi kumuuliza yule bwana jina. "Mtu wa stoo. Tumeongea kwenye simu."

"Kila anayekuja hapa ameongea kwenye simu. Una barua?"

Nilitamani shemeji awepo aone nilivyofungua ile pochi. Mlinzi hakuisoma barua. Aliutazama muhuri, akaipeleka ndani kwa mikono miwili. Baada ya muda akatoka bwana mfupi, mnene kiasi, mikono ya shati imekunjwa. Nilimtambua alipofungua mdomo.

"Mama wa Ifakara! Umekuja kweli?"

"Ulisikia Ijumaa?"

"Nilisikia. Sikuamini."

Jikoni alinikabidhi kwa mpishi mkuu, mtu mzima mwenye heshima zake, akapima mchele na maji kama alivyozoea, akafunika. Harufu ilianza kutoka, wapishi wengine wakageuka, nikaanza kuvimba kichwa. Alipofunua sufuria, wali ulikuwa bokoboko, umeshikana kama wa kumlisha mtoto. Mpishi akaugusa kwa mwiko, akauweka mwiko kando. Bwana wa stoo alinitazama kwa huruma, na ile huruma iliniuma kuliko matusi.

"Harufu ipo, mama," alisema. "Lakini huu siwezi kuuweka mezani."

Ila nilijua nilichobeba. "Baba," nilimwambia mpishi, "huu ni mchele wa msimu huu. Haujakaa. Uliozoea wewe ni wa stoo, mkavu, unakunywa maji mengi. Naomba sufuria nyingine, maji uyapunguze wewe kwa jicho lako."

"Mama, ni saa ya chakula cha mchana," alisema yule wa stoo.

"Sufuria ndogo," nikasema.

Mpishi ndiye aliyeamua. Alichukua sufuria ndogo, akapunguza maji, akaongeza mafuta kidogo, akasimama mwenyewe juu yake. Ulipoiva aliumwaga kwenye sinia na punje zikajitenga, moja moja. Akaonja kwanza yeye, akampa mwenzake sahani. Wote wawili wakala wamesimama, na nilipoona bwana wa stoo anaongeza bila kukaribishwa, nilitafuta kigoda nikakaa. Sikuwa nimekaa vizuri tangu Ifakara.

"Unaweza kunitumia kila mwezi?" akauliza.

"Naweza."

"Usiochanganywa?"

"Ukikuta jiwe, nipigie simu posta ya Ifakara, opareta ananifahamu."

Nilirudi na oda, na kutoka kwenye hoteli ile wakapatikana wengine, maana watu wa stoo wanajuana. Nilipomsimulia shemeji habari ya mlinzi, alivua miwani yake akaifuta, halafu akaniomba nirudie pale pa mikono miwili. Tangu hapo tulipanga kazi hivi: mimi napiga simu kwanza, yeye anaandika baada ya simu, akianza na maneno "Kama tulivyozungumza". Barua za namna hiyo hazikuwekwa kwenye faili.

Mwishoni mwa miaka ile ya tisini, hoteli moja ikapata afisa mpya wa manunuzi, kijana, na siku moja akaniambia kwenye simu, ambayo sasa tulikuwa nayo ofisini, kwamba siku hizi wanapokea maombi kwa imeli. Nilimuuliza imeli ni nini. Alinieleza kwa upole kabisa, barua inayokwenda kwa waya na kufika saa hiyohiyo.

"Na wewe ukiipata unaisoma saa hiyohiyo?" nikamuuliza.

Akacheka. "Hapana, mama. Ziko nyingi mno."

"Basi mwanangu, tuendelee kuongea. Wageni wako wanalalamikia nini?"

Akaanza kunieleza, na nikamwashiria shemeji avute kiti kwenye taipureta.