Siku Kila Mtu Alipokuwa Mimi

Mtandao wa ukumbi haukuwa na kosa lolote. Nasema hivi leo kwa sababu wote mliokuwepo ukumbini Erdington Jumamosi ile niliwaambia ulikuwa mbovu, na waliotaka maelezo zaidi niliwaambia seva ilizidiwa (uongo ukiuvika maneno ya kitaalamu watu hawaulizi tena), lakini mtandao ulikuwa mzima na seva ilikuwa imekaa tu haina kazi. Aliyeharibu ni mimi.

Mama Neema alifiwa na mama yake huko Kampala. Akapanda ndege haraka, na sisi tuliobaki Birmingham, Wakongo, Wakenya na Watanzania wachache, tukakubaliana kukutana ukumbini kuomba pamoja na kumtumia salamu za pole, maana mnajua kwetu mfiwa hasahau nani alimpa pole na nani alinyamaza. Mtu mwenye akili zake angefungua kikundi kwenye simu, watu wakaandika, yakaisha. Mimi nikasimama kutoa hoja.

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti, na siku zile nilikuwa nimeshikwa na imani, sina jina jingine la kuipa, kwamba mtu hapaswi kuazima utambulisho wake kutoka kwa kampuni kubwa. Kila mmoja awe na ukurasa wake mtandaoni, na anwani ya ukurasa huo ndiyo iwe kitambulisho chake. Akitaka kuingia kwenye tovuti yoyote anaandika anwani yake, tovuti inakwenda kwenye ukurasa ule kuuliza nani anamdhamini huyu, mdhamini (naye ni tovuti nyingine tu) anathibitisha, mtu anaingia bila neno la siri. Haya yote niliwaeleza watu waliokuja kupanga maombi ya msiba, nao walinisikiliza kwa upole, kama unavyomsikiliza mtu anayesimulia dawa yake ya kupunguza unene.

Papa Eli, kiongozi wa kwaya, akainua mkono. "Mama Rehema, hii yote ni juu ya kusema pole?"

"Ni kwa usalama, Papa Eli."

"Bon. Weye njo ulisoma."

Ndiyo, mimi ndiye niliyesoma. Nikaenda nyumbani Perry Barr nikatengeneza kurasa za watu wote kwa kunakili ukurasa wangu mwenyewe na kubadilisha jina na picha tu. Ule mstari usioonekana, unaomwambia mdhamini mwenye ukurasa ni nani, nikasema nitaubadilisha baadaye. Hata hapo mdhamini angeniokoa, kwa sababu huwa hamruhusu mtu kabla ya kumuuliza, "Je, wewe ni Rehema?" na kusubiri jibu. Lakini wakati wa majaribio nilichoka kubonyeza "Ndiyo" kila mara, nikaandika skripti fupi kwenye kivinjari cha tableti yangu iwe inanibonyezea. Niliisifu sana skripti ile (nilikuwa peke yangu jikoni, nani angenipinga?). Kisha nikaisahau, nikaibeba tableti ileile hadi ukumbini, ikiwa bado imeingia kwa jina langu, na watu wakapanga foleni kuandika pole zao kwenye tovuti niliyoitengeneza.

Papa Eli alikuwa wa kwanza. "Imeniuliza kitu," akasema, "alafu imejijibu yenyewe."

"Ndiyo kasi hiyo," nikamjibu, kwa majivuno.

Foleni ikaenda vizuri mpaka kwa Wanjiru. Yeye na Mama Neema walikuwa hawasemezani tangu harusi moja ya Great Barr, ambako sufuria kubwa ya Mama Neema, ile iliyotoka kwa marehemu mama yake, ilirudi imeungua hadi imetoboka. Mama Neema alisema ni Wanjiru, Wanjiru akaapa si yeye. Sasa Wanjiru akainamia tableti akitugeuzia mgongo, akaandika muda mrefu, hata waliokuwa nyuma wakaanza kukohoa.

"Wewe unaandika pole ama katiba?" mmoja akamuuliza.

"Ngoja zamu yako," akasema, na alipogeuka macho yalikuwa mekundu. "Nimeyasema yote, Rehema. Sasa ni yeye aamue."

Jumatatu Papa Eli akanipigia. "Neema anauliza kama uko muzima."

"Kwa nini?"

"Anasema umemutumia pole nyingi sana. Umesema mama yake alikushonea suti ya ndoa, na bibi yako, mke wako kabisa, anamusalimia. Na siye wengine, anasema, tumenyamaza."

Nikafungua tovuti. Salamu zilikuwepo zote, ndefu na fupi, na chini ya kila moja jina langu. Nilielewa papo hapo, mstari ule, skripti ile, kila kitu, na mdomo wangu ukasema, "Ni mtandao wa ukumbi, Papa Eli. Umechanganya salamu, na nyingine umezimeza. Waambie waandike upya kwa simu."

Wakaandika upya, pole mbili tatu za haraka, Mama Neema akatulia. Wanjiru hakuandika. Nilimkuta stesheni akisubiri treni.

"Hata yangu imepotea?"

Hapo ndipo ningepaswa kusema ukweli. "Inaonekana hivyo," nikasema.

"Basi Mungu hakutaka," akasema. "Maneno kama yale siwezi kuyaandika tena." Treni ikaja, akapanda behewa jingine.

Wiki ile Mama Neema mwenyewe akanipigia kutoka Kampala. Hakusalimia.

"Rehema, nimesoma tena. Kumbe ni weye uliunguza sufuria ya mama? Na mimi nikamusingizia Wanjiru wa watu! Nataka nimuombe musamaha, nimekosa hata pa kuanzia."

Ningedanganya nikisema sikushawishika. Ningenyamaza tu, sufuria ingekuwa yangu, wale wawili wangepatana, na mtandao wa ukumbi ungeendelea kubeba lawama. Lakini nilikumbuka mgongo wa Wanjiru pale mezani, jinsi alivyokuwa akifuta na kuandika tena, nikaona nitakuwa nimemwibia hata toba yake.

"Si mimi, Mama Neema," nikasema. "Ni Wanjiru. Na zile nyingine zote ni za wenyewe. Niliunganisha vibaya, kila aliyeingia akaandikwa mimi."

Kuku walisikika upande wake.

"Ya suti ni Papa Eli?"

"Ni yeye."

"Na Wanjiru anajua imenifikia?"

"Hajui. Nilimwambia imepotea."

"Rehema!" Akavuta pumzi ndefu. "Namba yake niliifuta kwa hasira. Nitajie."

"Ngoja nikutumie kiungo—"

"Hapana! Taja kwa mudomo. Usinitengenezee kitu."

Nikataja tarakimu moja moja, naye akawa anazirudia.