Majina Katika Daftari la Bibi Maureen

Nyumba ya Bibi Maureen ilinuka karatasi zilizokaa muda mrefu kwenye unyevu, pamoja na chai aliyoichemsha mpaka ikawa chungu. Ilikuwa nyumba ya pili kutoka kwetu, mtaa wa Riverside, Buffalo, Marekani, na msimu ule wa baridi nilipokuwa na miaka kumi na moja nilikwenda huko karibu kila siku. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, akahitaji mtu wa kumsomea barua alizopokea kutoka makanisa ya Louisville na Columbus. Alikuwa akiutafuta ukoo wake uliotoka Ireland. Vitabu vya ubatizo vya kule vilikuwa vimepotea, vingine vimeungua, na kuhusu mama wa bibi yake alijua jina moja tu, Bridget, na kwamba alibatizwa Louisville akiwa mtoto mdogo.

Mama hakuyaamini hayo hata kidogo. Tulikuwa hatujamaliza mwaka wa pili tangu tutoke kambi ya wakimbizi Tanzania, naye alifanya kazi ghalani huko Cheektowaga, nje kidogo ya mji, akirudi na miguu iliyovimba. "Mzee mzima anatafuta nini kwa watu waliokufa?" aliniuliza. "Na kwa nini anamtaka mtoto wangu?" Baba yake mwenyewe alichukuliwa nyumbani, Burundi, na watu walioshika karatasi yenye jina lake, wala hakurudi. Tangu hapo mama alimwogopa yeyote mwenye kalamu anayeuliza fulani ni mtoto wa nani. Mwishowe aliniruhusu, kwa sharti moja: "Uangalie anaandika nini. Uniambie."

Basi nikawa mpelelezi. Nilisoma barua huku jicho moja likiwa kwenye daftari lake la kijani. Nilishuku kila kitu: kwa nini alifunga droo simu ilipolia, kwa nini alitaka kujua kambini tulikaa na nani. Jumamosi moja mchana aliniuliza babu yangu aliitwa nani, nikamjibu kabla sijafikiri. Alipokwenda jikoni nikalifungua daftari. Kwenye ukurasa wa mwisho palikuwa na jina langu, Evelina, juu yake la mama, juu zaidi la babu, na mistari ikituunganisha. Nilitoka mbio bila koti.

Mama alinisikiliza, akavaa viatu, akanishika mkono tukakanyaga theluji. "Mwambie anipe hiyo karatasi," alisema mlangoni bila hata salamu, yeye ambaye hakuwahi kumpita mtu mzima bila kumwamkia. Bibi Maureen alituangalia, kisha akauchana ukurasa na kumkabidhi.

"Mwombe mama yako anisamehe," aliniambia. "Kwetu hakuna aliyeandika mapema. Nyinyi bado mna mtu anayekumbuka. Tazama nilichopata leo."

Alinipa barua iliyofika asubuhi ile kutoka Columbus, ambayo alikuwa ameisoma kwa shida kwa kioo cha kukuzia. Nilisoma huku nikimtafsiria mama. Katika kitabu cha wafu cha kanisa moja, kando ya jina la mwanamke ambaye barua za Louisville zilimtaja kuwa mama wa Bridget, padri alikuwa ameandika kwamba hakumzaa. Neno la Kiingereza lililotumika halikuniambia kama ni shangazi au nani, nikamuuliza Bibi Maureen ni upande wa baba au wa mama. Wa mama, akasema.

"Ni mama yake mdogo," nikamwambia mama. "Aliyemzaa alifia safarini. Huyu akamchukua, akamwandikisha kuwa wake, akanyamaza mpaka alipokaribia kufa."

Mama aliketi bila kukaribishwa. "Na huyo Bridget, alikuja kujua?"

"Haijulikani," alijibu Bibi Maureen nilipomtafsiria.

Tuliporudi nyumbani mama alitandaza ule ukurasa mezani, akachukua kalamu, na pembeni ya jina lake akaandika: Yustina. "Huyu ndiye aliyekuzaa," alisema. "Ni dada yangu. Alifia kambini ukiwa na miezi mitatu. Waandikishaji wa kambi waliponiuliza watoto wangu ni akina nani, nilikutaja. Niliogopa wangekuacha nyuma." Sikulia. Nilimkasirikia kwa wiki nzima, nikamshuku kwa kila alichowahi kuniambia, hata siku yangu ya kuzaliwa. Kisha asubuhi moja nikamkuta anamsuka mdogo wangu nywele za mabutu, nikakaa chini kungoja zamu yangu, naye akanisuka kama kawaida.

Siku hizi watu hutema mate kichupani, yakapimwa maabara, na kuambiwa asili yao kwa simu. Nimelitafuta jina la Yustina kwenye kompyuta mara nyingi, halimo popote. Lakini mwaka jana nilijifungua, na muuguzi alipouliza mtoto anaitwa nani, mama alijibu kabla yangu: "Yustina." Akalitaja herufi kwa herufi, kisha akamtaka muuguzi ageuze kioo cha kompyuta, ahakikishe mwenyewe alichoandika.