Mikono ya Buluu

Jirani akinyunyizia maua yake dawa, harufu ile hunirudisha Loresho, kwenye shamba la kahawa. Sisi watoto ndio tuliokoroga sumu ya mibuni, tena kwa mikono, kwa sababu nyapara alidai kijiti huacha mabonge.

Siku moja akaja mkaguzi wa kazi, mtu mzima na tai yake. Nyapara akatupanga mstari, tukaimba nyimbo za kanisani.

“Na hii mikono mbona ni ya buluu?” mkaguzi akauliza.

“Walikuwa wanachora, bwana.”

Na bwana mzima akaridhika! Akatupigia makofi, akatugawia peremende, akaenda zake.

Peremende zilinata. Mdogo wangu alilamba vidole vyote kumi.