Kuku Kumi na Tisa wa Mkesha

Watu wanaokula kuku wa sikukuu hudhani kuku huzaliwa akiwa amenyonyolewa. Mimi nawajua vizuri. Nimefuga na kuuza kuku wa kisasa hapa Kibaha miaka kumi na moja, uani kwangu, si mbali na barabara ya Morogoro, na kila Desemba ikianza najiambia mwaka huu ndio wa mwisho. Halafu oda zinaingia. Karani wa halmashauri anataka wawili, mwalimu anataka watatu, akina mama wa usharika wanataka saba wa chakula cha pamoja baada ya ibada, nami naitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo, utadhani mgongo ni wa mtu mwingine.

Mwaka ninaousimulia hapa oda zilifika kuku hamsini na mbili. Tarehe ishirini na nne niliamka nikiwa nimeshachoka. Siku mbili nzima tulikuwa tunapasua kuni, tunasugua mabeseni, tunahangaika kutafuta barafu, maana umeme ulikuwa unakuja na kuondoka upendavyo na friza haikuwa ya kuaminika tena. Miguu ilikuwa imevimba, viatu haviingii. Mume wangu, mwalimu mstaafu, alinitazama nikifunga aproni akasema, "Wewe utakuja kufia kwenye manyoya." Nikamwambia awashe moto, mahubiri atayakuta kanisani.

Kuchinja hakukuwa kazi yetu. Sisi ni Walutheri, watu wa bara, na tangu nianze biashara hii mchinjaji wangu ni mzee mmoja wa Kisarawe, Mwislamu, ambaye msimu wa sikukuu huja siku moja kabla akalala kwa mpwa wake hapa hapa Kibaha. Mgeni atauliza kwa nini kuku wa Krismasi achinjwe na Mwislamu. Jibu ni jepesi: huku hakuna mtu anayekula Krismasi peke yake. Sahani itakwenda kwa jirani, mama mkwe ni Mwislamu, bosi ni Mwislamu, fundi aliyekuezekea paa ni Mwislamu, na huwezi kumwekea mgeni nyama asiyoweza kuigusa. Kwa hiyo mteja akifika, hata mwenye rozari shingoni, huuliza kwanza, "Mzee, umechinja wewe?" Naye hujibu, "Mkono wangu huu." Mteja anachukua, anaondoka. Biashara yangu yote ilisimama juu ya jibu hilo.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Mzee anachinja akielekea kibla, anasoma yake taratibu, hana papara. Mume wangu anatumbukiza kwenye pipa la maji ya moto, mimi nanyonyoa, napasua, natenga maini na firigisi. Saa sita na nusu mzee akanawa akaenda msikitini, na baada ya sala angepitia kwa mpwa wake kula. Aliacha kumi na wawili wameshachinjwa, wamelazwa kwenye beseni wakisubiri maji yapate moto tena. Nikasema acha nijinyooshe kidogo tu. Nikalala kwenye mkeka ukumbini, na manyoya yangu kichwani.

Nilipoamka ilikuwa inakaribia saa nane. Nilitoka uani nikamkuta mume wangu jasho linamtiririka, anatabasamu, na mbele yake beseni limejaa kuku wamenyonyolewa, wameoshwa, weupe, safi kabisa. Saa ile nilimpenda kweli. Nikahesabu kwa mazoea. Kumi na tisa.

"Walikuwa kumi na wawili," nikasema.

"Nimekuongezea wale saba wa usharika," akajibu. "Nimewachinja mwenyewe. Wale si wa kanisani? Nani atauliza?"

Kwao milimani kila baba huchinja nyumbani kwake, wala hakuna mjadala. Na kusema kweli wale saba wangekaa peke yao nisingefungua mdomo. Lakini aliwatumbukiza pipa moja na wale wa mzee, akawanyonyoa pamoja, akawaosha pamoja, akawalaza pamoja. Nikamuuliza wepi ni wepi. Akainama juu ya beseni, akamgeuza mmoja, akamgeuza wa pili, tabasamu likaisha. Kuku akishavuliwa manyoya na kukatwa kichwa hana kabila wala dini.

Nilipaswa kusema hapo hapo. Najua. Lakini mlangoni watu walishafika, barafu inayeyuka, mgongo unawaka moto, na mzee huyo anaingia anafuta mdomo, ananiuliza, "Mwanangu, umepumzika?" Nikasema nimepumzika. Moyoni nikajiambia wale kumi na tisa nitawaweka pembeni, nitauza wale mzee atakaowachinja sasa. Huo uongo niliuamini kama dakika tano hivi. Mteja wa kwanza alikuwa na haraka, gari linamsubiri aende kwa wazazi wake Magindu, na kuku waliokuwa tayari ni wale tu. Akamuuliza mzee swali la siku zote. Mzee, kisu mkononi, hata hakugeuka: "Mkono wangu huu." Mume wangu akanitazama. Mimi nikafunga mfuko.

Ukishafunga wa kwanza, wa pili haukusumbui. Kufikia karibu na saa kumi walikuwa wameondoka wateja wanne, na kuku tisa kutoka lile beseni. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata dhamiri niliiona ni oda nyingine, nitaishughulikia kesho.

Mzee alimaliza kuku wa mwisho, akanawa, akajiandaa kwa sala ya alasiri ili baada ya hapo arudi Kisarawe. Kila mwaka siku hiyo mimi humpa kuku mmoja wa kumpelekea binti yake, na huchagua mwenyewe, kwa utani. "Nataka yule aliyekumalizia chakula kuliko wote," akasema. Akainama kwenye lile beseni, akachukua mmoja mnene.

Mkono wangu ulitangulia kabla sijafikiri. Nikamshika. "Acha huyo, mzee. Nitakupa wa hawa wapya."

"Huyu ana nini?"

Alinitazama, akalitazama beseni, kisha akamtazama mume wangu, ambaye alianza kueleza yote, wale saba, usharika, pipa moja. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Akamrudisha kuku polepole, akaenda mlangoni walipokuwa wateja wakisubiri, akawaambia kwa sauti ile ile ya kila siku: "Jamani, beseni lile lina kuku ambao sikuwachinja mimi, na hatujui ni wepi. Hawa wengine ndio wangu. Leo nimewaambia watu uongo, mniwie radhi." Mama mmoja akacheka akidhani ni utani.

Tukawapigia simu wale wanne. Watatu walipokea. Mmoja akasema haina shida, nyumbani kwake ni Wakristo watupu. Wawili wakarudi kubadilisha, hawakugomba hata kidogo, na kutogomba kwao kuliniuma zaidi. Yule wa Magindu hakupatikana. Nilipiga nikapiga, kule mtandao ni wa kubahatisha. Wakati nafunga mfuko wake alikuwa ameniambia kwa furaha kwamba kesho wajomba zake wote wanakuja, na wajomba hao ni Waislamu safi. Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee akasema aliyekula bila kujua hana kosa. Alisema kwa upole, nikadhani yameisha. Mume wangu akasogea karibu yake. "Mzee, lawama ni yangu. Mimi ndiye niliyeshika kisu."

"Wewe ulikosea," mzee akamwambia. "Binadamu hukosea." Halafu akanigeukia mimi. "Mwanangu, ulijua tangu saa ngapi?"

Nilitaka kusema sikumbuki.

"Tangu saa nane," nikasema.

Akavaa kofia yake, akatoka kwenda kuswali. Hakurudi kuaga.