Milango Miwili ya Chui wa Theluji

Kiangazi kile fleti yetu ya Toongabbie, pembezoni mwa Sydney, ilinuka zulia lililochomwa na jua na maharage yaliyokuwa jikoni tangu alfajiri. Tulikaa ghorofa ya pili, dirisha la sebuleni likitazama reli, na kila treni iliyopita ilitikisa vikombe kabatini. Nilikuwa msichana wa miaka kumi. Shule zilikuwa zimefungwa, Mama alikuwa kazini kwenye nyumba ya kutunzia wazee, Baba akipanga mizigo katika ghala huko St Marys, nami nilishinda ndani na mama yake Baba. Tulimwita Tate, kama bibi anavyoitwa kwetu Kivu. Alikuwa amefika miezi michache kabla kutoka kambi ya wakimbizi, mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa, aliyechunga mbuzi milimani tangu utoto wake hadi vita vilipomng'oa. Sasa malisho yake yalikuwa kutoka jikoni hadi dirishani, na kutoka dirishani hadi jikoni.

Mlango haukufungwa bila sababu. Wiki chache baada ya kufika, Tate alitoka kutafuta hewa, akafuata mfereji nyuma ya majengo, akapotea. Polisi walimrudisha jioni, midomo imekauka, kwa maana hakujua Kiingereza hata cha kuomba maji. Baba alilia mbele yetu siku ile. Alikuwa amempoteza baba yake njiani wakati wa kukimbia, na hakuwa tayari kumpoteza mama yake katika mji wenye maji ya bomba. Kuanzia hapo alifunga mlango kwa nje kila alipokwenda kazini. Ufunguo wa pili alinivika mimi shingoni kwa uzi, akaniapisha nisiutumie isipokuwa nyumba imeshika moto. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, lakini kwetu mlango ndio ulikuwa nyumba yote. Tate hakuniomba ufunguo hata mara moja. Alinitazama tu shingoni, kisha akageukia dirisha, na mimi nilitamani anigombeze.

Katikati ya likizo, kanisa letu, lenye Wakongo wengi na Wakenya kiasi, liliandaa matembezi ya bustani ya wanyama. Tulikwenda kwa treni, halafu kwa feri. Kwenye uzio wa twiga, Mama Wanjiru, muuguzi Mkenya aliyekaa jengo letu, aliwachekesha watu wote: "Hawa si tuliwaacha nyumbani? Tumevuka bahari kuja kuwasalimia tena?" Tate hakucheka. Alikuwa ameshatangulia, akapita banda hili na lile, mpaka akafika penye kioo kikubwa na miamba nyuma yake, akasimama.

Mwanzoni sikuona kitu. Kisha jiwe moja likafumbua macho. Alikuwa chui, lakini si chui wa hadithi zetu: manyoya ya rangi ya majivu, mazito kama blanketi, madoa yaliyofifia kama moshi, na mkia mnene mrefu alioukunja mpaka puani. Nje jua la Januari lilikuwa likiyeyusha lami. Ndani walimwekea hewa baridi, naye alihema polepole akitutazama kama watu wanaopita barabarani. Wenzetu walikuja, wakapiga picha, wakaenda kula. Tate hakubanduka. Mtunza wanyama, mwanamke wa makamo mwenye viatu vya mpira, akaja kutuuliza kama tumepotea.

"Muulize," Tate akaniambia, "huyu atarudi kwao lini?"

Niliuliza kwa Kiingereza. Yule mama alisema chui huyo hatarudi. Alizaliwa kwenye bustani nyingine, wazazi wake pia, na milima yenye theluji hajawahi kuiona. Wanabadilishana chui baina ya bustani na bustani ili wazaane vizuri, maana wale wa porini wanapungua. Wachungaji huwaua wanapoingia zizini.

"Hata sisi tulimuua chui wa kwetu," Tate akasema. "Alinichukulia mbuzi watatu. Wanaume wakamtega, nikapiga vigelegele. Tangu hapo sijamsikia chui tena milimani kwetu. Mwambie."

Nilimwambia. Yule mama hakukasirika. Alieleza kuwa huko milimani sasa wachungaji wanasaidiwa kufunika mazizi kwa wavu wa chuma, mbuzi walale salama na chui asipate sababu ya kuuawa. Tate aliitikia kwa kichwa muda mrefu. "Hiyo ni akili," akasema. "Ungelinijia na wavu, nisingelitaka afe." Ndipo chui akainuka, akajinyoosha, akapotea kwenye tundu nyuma ya miamba. Tate akashtuka: amekwenda wapi? Mtunza wanyama akatabasamu. Alisema pale pana mlango wa kuingilia chumba cha nyuma, na haufungwi mchana. Akichoka kutazamwa, huondoka.

Jioni ile, Baba alipokuwa akinawa mikono, Tate alimwita kwa jina lake la utotoni, kisha akaacha kilugha chao cha milimani, akasema kwa Kiswahili ili nami nisikie. "Nimeona mnyama mfungwa leo. Ana milango miwili, na mmoja anautumia apendavyo mwenyewe. Mimi nina mmoja, na ufunguo wake unamnyonga mtoto."

"Mama, utapotea tena."

"Nitapotea. Nawe utanitafuta. Lakini usinizike kabla sijafa."

Baba alikaa chini na mikono yake imelowa. Asubuhi aliufungua uzi shingoni mwangu, akamvika mama yake, na Jumapili nzima akazunguka naye mitaani akimwonyesha kona moja baada ya nyingine. Tate alipotea tena, ndiyo, mara nyingi. Alijifunza kuomba maji. Alipata marafiki mtaa wa Auburn, wanawake wa Burundi walioelewa Kiswahili chake. Ila milima ya kwao hakurudi kuiona. Kila barabara ilipofunguliwa, vita viliifunga tena, na tulimzika hapahapa Sydney.

Leo nina gari, pasipoti na binti anayenijibu kwa Kiingereza. Nilimpeleka kwenye bustani ileile. Chui wa Tate amekwisha kufa, lakini kuna watoto wa chui wengine, na kundi zima la watu wenye elimu wanaolala wakiwaza wafanyeje mbegu ile isipotee. Nilifurahi kweli. Ila siku hizi Baba anaishi kwangu, mzee, na kile kilugha cha milimani alichozungumza na mama yake hakuna mwingine nyumbani anayekijua. Mimi nililelewa kwa Kiswahili cha kambini. Asubuhi Baba huzungumza peke yake bafuni kwa kilugha hicho, maji yakimwagika, anauliza na kujijibu, wakati mwingine anacheka. Mimi husimama nje na taulo lake mkononi, nikisikiliza, nisielewe hata neno moja.